Thelathini kwa Maneno

Kwenye cheti daktari ameandika 30.
Tarakimu tupu, tatu na duara lake.
Sahihi ipo, muhuri upo, tarehe ya leo ipo,
jina la mtoto lipo: Eliaringa, miaka tisa, Uru Kaskazini.
Neno "thelathini" halipo.

Namrudishia mama karatasi yake juu ya kioo cha kaunta.
Ananitazama kama mtu aliyeulizwa jina na dada yake.
"Nakijwa, kwani hunijui?"
Nakujua, Aikande. Sauti ya pili, kwaya ya vijana,
tulikula makande sufuria moja usiku wa mkesha.
Mimi nakujua. Kabati halikujui.
Kabati linajua wino tu.

Mtu mwenye kalamu ya buluu
huongeza duara moja, thelathini ikawa mia tatu
kabla hajafika kona ya posta.
Neno halinenepi kirahisi hivyo.
Ndiyo maana sheria inataka yote mawili,
nami nimeibandika ukutani, karibu na feni;
inapepea, haibanduki.

Mtoto anahesabu vigae vya sakafu kwa kuruka,
anafika kumi na saba, anasahau, anaanza tena.
Shuleni wamesema ana shetani. Wengine wamesema fimbo.
Daktari peke yake alisema akili yake inakimbia
mbele ya miguu, na kidonge kimoja asubuhi
kitaishika mkono.
Ajabu ya dawa hii: inayomkesheza mwingine
yeye inamkalisha kitini.

Nauli ya kurudi hospitalini naitoa mfukoni mwangu.
Hilo sheria haijalikataza.

Saa nane anaingia dereva wa lori,
macho mekundu kama kahawa mbivu mtini.
"Dada, vile vya kukesha. Nimetoka Holili,
kesho natakiwa Tunduma."
Anaweka noti, anaikunja, anaongeza nyingine.
"Hakuna anayeona."
Wewe unaona, kaka. Mlango wa tatu kuna gesti.
Nenda kalale.

Funguo ni mbili: mmoja shingoni mwangu,
mmoja kwa Mchome, na bila yeye silifungui.
Wateja hudhani tunaogopa wezi wa usiku.
Sijawaambia habari za Mbonea,
mdogo wangu, kidato cha sita, fizikia na hesabu,
enzi hizo ufunguo ulikuwa mmoja
nao ulilala mkobani, nami nikilala fofofo.
Alichukua viwili, kisha vinne.
Usiku wa tano tulimkuta chumbani, Majengo,
anaandika milinganyo ukutani,
midomo imekauka, anacheka na taa.
Mtihani ukapita nje ya dirisha na vijana wengine.
Siku hizi anafuga kuku Pasua. Hulala mapema.
Hatujawahi kulizungumza.

Mwezi ule daftari lilipungua kumi na moja,
nami niliandika: vilivunjika.

Aikande anarudi mlima umeshajifunika.
Neno lipo sasa, kwa mwandiko wa haraka,
herufi zikipandana kama watu wa gulioni.
Namhesabia Eliaringa kwa sauti, naye ananifuata
mpaka ishirini na mbili, kisha anauliza
feni ikizimwa upepo unakwenda wapi.
Sina jibu. Namalizia nane peke yangu.
Mama anatia sahihi. Mchome anatia sahihi. Natia yangu.
Salio la kabati na salio la daftari
vinatazamana, havigombani.

Nikishafunga, nalishusha daftari la mwaka ule
kutoka rafu ya juu. Muda wa kulitunza ulikwisha zamani;
ningeweza kuwashia jiko.
Lakini kosa la daftari halichomwi, halifutwi.
Linapigwa mstari mmoja, lisomeke chini yake,
na ukweli uandikwe pembeni.

Nimepiga mstari.
Nafasi iliyobaki ni finyu, kalamu inakwaruza.
Nimeandika 11.
Neno bado.